Mti Huu Huu

Kiswahili kina njia rahisi ya kunyoosha kidole mara mbili. Tukisema mti, tunakusudia mti wowote. Tukisema mti huu, tumeshausogelea. Tukisema mti huu huu, hatutaki mwingine, hata kama umetoka kwenye mbegu za tunda moja na kupandwa siku moja. Kwa sarufi hilo ni jambo dogo: unarudia neno, basi. Kwa falsafa ni mzigo wa zaidi ya miaka 2,000. Aristotle alifundisha kwamba elimu ni ya mambo ya jumla, yanayohusu miti yote au watu wote, na kwamba kitu kimoja peke yake huonwa, huguswa na kukumbukwa, lakini hakina elimu yake. Mwenyewe aliuona ugumu wa kauli hiyo, maana alikiri kwamba tabibu hamtibu binadamu kwa ujumla. Humtibu fulani, ambaye ndani yake binadamu yumo. Hata hivyo hukumu ikabaki: mti ni wa akili, mti huu huu ni wa macho. Ninataka kuipinga hukumu hiyo, na shahidi wangu mkuu ni mchoraji wa Ufaransa wa karne ya 18 aliyerudi mara kwa mara, kwa miaka kadhaa, kuichora miti ya bustani moja iliyoachwa, kwa chaki nyeusi na nyeupe juu ya karatasi ya buluu.

Kabla shahidi hajaitwa, ionekane kwanza kwamba kesi hii haiwahusu wanafalsafa peke yao. Qur'ani, katika sura ya sita, Al-An'am, aya ya 59, inapoonyesha upana wa elimu ya Mwenyezi Mungu haitaji kanuni za mimea; inataja kuanguka kwa jani. Injili ya Mathayo, sura ya 10, inapotaka kusema jambo linalofanana na hilo inamtaja shomoro mmoja aangukaye chini. Yaani mapokeo yote mawili yameweka kilele cha elimu pale pale ambapo Aristotle aliweka ngazi ya chini. Haishangazi basi kwamba Waislamu waliomsoma Aristotle kwa makini walikwama hapo. Ibn Sina alitafuta njia ya kati: Mungu anavijua vitu kimoja kimoja, lakini kwa namna ya jumla, kwa kuzijua sababu zake, kama vile mtaalamu wa nyota anavyoweza kujua kupatwa kwa jua kwa hesabu, bila kusubiri kukutazama. Al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichokikamilisha mwaka 1095, hakuridhika. Kati ya masuala 20 aliyowahoji wanafalsafa, ni matatu tu aliyoyahukumu kuwa ukafiri, na hili la elimu ya Mungu juu ya juziyati, yaani vitu kimoja kimoja, ni mojawapo. Mwenye kujua kanuni tu, alihoji, hajui kwamba jua limepatwa sasa hivi, wala kwamba Zaid huyu ametii au ameasi. Sina nia ya kuwapatanisha wakubwa hao. Ninachochukua kwao ni uzito wa swali: je, kukijua kitu kimoja ni elimu pungufu inayongoja kupandishwa daraja, au ndiyo elimu yenyewe ikiwa imefika?

Jean-Baptiste Oudry alizaliwa Paris mwaka 1686 na kufariki Beauvais mwaka 1755. Riziki yake ilitokana zaidi na wanyama. Alimchorea Mfalme Louis wa 15 mbwa wake wa kuwindia, na mbwa hao walichorwa kila mmoja na jina lake: Misse, Turlu, Polydore. Tangu 1734 alishika usimamizi wa kiwanda cha kifalme cha mazulia ya ukutani huko Beauvais. Kisha, kati ya 1744 na 1747, akiwa mtu mwenye jina na mwenye shughuli nyingi, akawa anakwenda Arcueil, kusini mwa Paris, katika bonde la mto Bièvre, palipokuwa na bustani ya mwanamfalme wa Guise. Mwanamfalme mwenyewe alikuwa ameshafariki mwaka 1739. Ngazi za mawe zilikuwapo bado, na mabwawa, na fito zilizofumwa kushikilia mimea, na juu ya vyote daraja refu la kupitishia maji lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ila matunzo yalikuwa yamelegea. Wachoraji wengine nao walipapenda mahali hapo, Boucher na Natoire wakiwamo. Mnamo 1752 bustani ikavunjwa na ardhi ikauzwa. Karatasi za Oudry, zilizotawanyika leo kati ya Louvre, Albertina ya Vienna na kwingineko, ni sehemu kubwa ya kile tunachokijua juu ya mahali hapo. Penseli tuliyoizoea, ya grafiti iliyochanganywa na udongo, ilikuwa bado haijazaliwa. Nicolas-Jacques Conté aliibuni mwaka 1795. Oudry alitumia jiwe laini jeusi lililochongwa, na chaki nyeupe kwa mwanga.

Mtu akitaka kuelewa kwa nini bustani iliyoachwa inafaa zaidi kwa kesi hii kuliko bustani iliyotunzwa, akumbuke bustani ya Kifaransa ilikuwa kitu gani. Ilikuwa Aristotle aliyepandwa ardhini. Miti ya njia moja ilichaguliwa ya aina moja, ikapangwa kwa nafasi sawa, ikakatwa kwa kimo sawa. Mingine ilibanwa na kukatwa hadi ikawa ukuta wa kijani, mnyoofu kama wa mawe. Kazi ya mkasi wa mtunza bustani ilikuwa kulitafuta tawi lolote linalojitokeza na kulirudisha kwenye sheria. Katika mpango kama huo upekee wa mti ni kosa la utunzaji, na mti uliofaulu ni ule ambao ukifa usiku na kupandwa mwingine asubuhi, mgeni wa saa nne hatagundua. Arcueil ilipangwa hivyo, kisha mkasi ukaacha kuja. Katika michoro ya Oudry kuta za miti zimefura na kuzimeza kingo za ngazi. Vilele vya njia vimekutana juu na kuifanya njia kuwa pango. Shina moja limeinama kutoka mstarini na kujitafutia jua lake. Ni miti iliyolelewa kuwa nakala, ikaachiwa. Wengi huiita michoro hii ya huzuni, na ni kweli pana ukimya ndani yake, lakini neno huzuni linamhusu mtazamaji anayeikumbuka fahari ya bustani. Miti yenyewe haikupoteza kitu.

Sasa kuna ushahidi wa maneno, na ndio unaonifanya nimchague mtu huyu badala ya wengine waliochora miti vizuri kama yeye. Juni 1749 Oudry alisoma mhadhara mbele ya wenzake wa Akademia ya Kifalme ya Uchoraji na Uchongaji, kuhusu namna ya kujifunza rangi kwa kulinganisha vitu, kimoja na kingine. Humo alisimulia somo alilopewa na mwalimu wake, Nicolas de Largillière. Mwalimu alimtuma kijana akachume maua ya kuchora. Kijana akarudi na shada la rangi zote, kama ambavyo yeyote kati yetu angefanya. Mwalimu akamrudisha: alete maua meupe matupu. Alipoyapanga na kuanza kuyachora akaona kwamba weupe wake haukuwa mmoja, na kwamba kila ua liliupata weupe wake kutoka kwa ua lililo kando yake na kutoka kwa kivuli kilicho nyuma. Oudry akaongeza shauri la vitendo: ukitaka kuchora chombo cha fedha, usikitazame peke yake ukidhani unajua fedha ni nyeupe namna gani. Kizungushie vitu vingine vyeupe, kitani, karatasi, hariri, kaure; ndipo utakapoiona rangi ya fedha, ambayo haifanani na hata moja.

Mhadhara ulikuwa wa rangi, lakini mna nadharia nzima ya elimu ndani yake, na nadhani ni nadharia iliyo bora kuliko nyingi zilizoandikwa na wanafalsafa wa wakati wake. Tatizo la Aristotle lilikuwa hili: ukitaka kukieleza kitu kimoja huna budi kutumia maneno ya jumla. Mti, mrefu, uliopinda, wenye kovu upande wa kushoto. Ongeza maneno mpaka uchoke, na bado kuna mti mwingine mahali fulani unaoweza kutoshea maelezo yako. Maneno ya jumla ukiyarundika hayazai kitu kimoja. Oudry haongezi maneno. Anaweka kitu kando ya kitu. Weupe wa fedha hii hii hauna jina, lakini una jirani, na kwa jirani unajulikana barabara. Karatasi ya buluu ilikuwa chombo cha kufanyia hivyo: haina weusi wala weupe, imekaa katikati, kwa hiyo kila kinachochorwa juu yake hulazimika kujitangaza kuwa cheusi kuliko hii au cheupe kuliko hii. Ndiyo maana miti ya Arcueil haina mstari mzito wa kuizunguka. Shina linaishia pale ambapo giza la kichaka cha nyuma linazidi giza lake. Kilele kinaishia pale anga, ambayo mara nyingi ni karatasi tupu, inapokuwa angavu kuliko majani. Ukingo wa mti ni mahali pa kupakana.

Miongo michache kabla yake, kwenye bustani nyingine iliyopangwa kwa mkasi, ile ya Herrenhausen karibu na Hannover, mwanafalsafa Leibniz alikuwa akizungumza mbele ya Sophie, mke wa mtawala wa nchi hiyo, juu ya kanuni yake kwamba hakuna vitu viwili visivyotofautiana kabisa. Bwana mmoja aliyekuwapo hakukubali. Akaambiwa basi alete majani mawili yaliyo sawasawa. Akazunguka bustani kwa muda mrefu na hakuyapata. Leibniz aliisimulia habari hiyo kwa sababu ya matokeo. Mimi navutiwa na mwendo wa yule bwana. Ili kujua kwamba jani hili si lile, ilimpasa achume moja, achume la pili, ayaweke bega kwa bega. Jani la kwanza lilipata upekee wake mkononi mwake wakati la pili lilipofika. Na pasipo majani yenye kufanana asingekuwa na kazi ya kufanya: angeleta jani na jiwe, kila mtu angecheka. Shada jeupe la Largillière na majani ya Herrenhausen yanasema jambo moja, kwamba kufanana hakuufichi upekee. Kunautayarishia meza.

Pingamizi la kwanza linaweza kutoka kwenye chaki yenyewe. Mtu atasema: hebu tazama majani ya Oudry kwa karibu. Hakuna hata jani moja. Kuna mapigo mafupi ya mkono, yaliyopinda, yakirudiwa mara mamia, na mapigo hayo ni ya Oudry, si ya mti. Wafaransa waliuita ufundi huo feuillé, na kijana aliweza kuujifunza kwa kunakili kazi za mabingwa kabla hajakanyaga msitu. Basi Oudry alifika Arcueil na kanuni mfukoni, akainyunyizia juu ya kila kilichosimama mbele yake. Na mara nyingi hata aina ya mti si rahisi kuitaja. Mpinzani angeweza kujiongezea nguvu kwa kumleta Jean-Honoré Fragonard, ambaye mwaka 1760, akiwa mwanafunzi wa Akademia ya Ufaransa mjini Roma chini ya Natoire yule yule wa Arcueil, alikaa majira ya joto Tivoli, katika Villa d'Este, mgeni wa kasisi Saint-Non. Alichora huko kwa chaki nyekundu misaipresi mikubwa iliyozeeka, na karatasi kumi kubwa za safari hiyo zimehifadhiwa Besançon. Ni kazi za kustaajabisha, na mkono ni ule ule mmoja unaocheza, uwe kwenye msaipresi, kwenye kichaka au kwenye maji yanayoruka. Nakiri kwamba mbele ya Fragonard hoja yangu inayumba. Naiona furaha ya mkono mapema kuliko ninavyouona mti.

Lakini kwa Oudry jibu lipo. Barua inayomweleza mtu mmoja huandikwa kwa herufi zile zile zinazowaandika wote, na hakuna anayelalamika kwamba herufi hazifanani na mtu huyo. Pigo la chaki ni herufi. Linasema jani kwa ujumla, na halijadai zaidi. Kinachosema huu huu ni mahali mapigo yanapogeuka: pale ukuta wa miti unapopinda kuelekea mwanga mapigo yanatawanyika na chaki nyeupe kuingia, pale tawi linapopita nyuma ya jingine yanakatika ghafla, pale shina lilipobanwa na ngazi uzito wote wa kivuli unakaa upande mmoja. Hayo hayamo katika kanuni yoyote ya mfukoni, kwa kuwa yanatokana na ngazi ile na ukuta ule. Na kuhusu aina ya mti, ni kweli haijulikani kwa urahisi. Unaweza kumjua jirani kwa mwendo wake anapokuja jioni, ukamtambua kati ya watu hamsini, hali hujawahi kuuliza ukoo wake. Tena Oudry mwenyewe anatupa kipimo cha kulinganisha. Kati ya 1729 na 1734 alichora zaidi ya picha 270 za ngano za La Fontaine, nyingi zikiwa na miti. Miti ile ni mizuri na imekaa mahali pake, ila imewekwa ili mbweha apate pa kusimama na kunguru pa kutua. Ni miti ya hadithi, na unaweza kuihamisha kutoka ngano moja hadi nyingine bila hasara. Mti wa Arcueil ukiuhamisha, mchoro unaporomoka.

Pingamizi la pili ni la kidini, na lina heshima zaidi. Katika mapokeo yaliyomo kwenye Sahihi ya Bukhari, mtu aliyekula kwa jasho la kuchora picha alimwendea Ibn Abbas, akaonywa juu ya kazi hiyo, na alipoonekana kutaabika akaelekezwa kwamba kama hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Ruhusa hiyo imewapa kazi wapambaji wa misikiti na vitabu kwa karne nyingi, na msingi wake uko wazi: ndani ya mti hamna mtu. Wanateolojia Wakristo waliomfuata Aristotle waliupa mti nafsi, lakini ya daraja la chini kabisa, ya kula na kukua. Sasa, mpinzani atauliza, kwa nini tupoteze neno zito kama upekee kwa kitu kisichoitwa kwa jina, kisichohesabiwa, kisichofufuliwa? Zaid huyu ni Zaid huyu kwa sababu ataulizwa. Mti ukifa utapandwa mwingine.

Naona pana mambo mawili ya kujibu. La kwanza ni kwamba maandiko yenyewe hayakungoja roho ndipo yataje elimu. Jani halitahukumiwa, na shomoro vilevile, na bado ndivyo vilivyochaguliwa kuwa mfano. Anayesema upekee unaanza na hesabu ya matendo ana kazi ya kueleza kwa nini jani limo. Jambo la pili ni la mti wenyewe. Mnyama huondoka. Mtu akihama mtaa hubaki yeye, na ubavu wake hauonyeshi nyumba aliyopanga jirani yake wa zamani. Mti haukuondoka hata siku moja, kwa hiyo kila kilichokuwa kando yake kimeandikwa mwilini mwake: upande ulioelekea ukuta una matawi haba, uliolelewa safuni umejinyoosha juu ukigombania mwanga na wenzake, palipokatwa na mkasi gome limefunga jeraha, lakini umbo la jeraha halikuondoka. Kama nilivyodai kwamba kitu hujulikana kwa jirani zake, basi hakuna kiumbe kinachojulikana kwa ukamilifu zaidi wa namna hiyo kuliko mti, kwa maana jirani zake si habari za nje, ndio waliolifanya umbo lake. Waswahili husema macho hayana pazia. Kwa sura ya mtu ni kweli, upekee wake unatuvamia tukitaka tusitake. Kwa mti tunalo pazia, nalo ni jina la aina yake. Tukishasema mwembe tumekwisha kuona.

Limebaki pingamizi ninaloliogopa zaidi. Linasema: sawa, Oudry aliuona mti huu huu, akatuonyesha. Lakini kuona na kuonyesha si kujua. Elimu ni kile unachoweza kuondoka nacho na kukitumia kwingine. Mchoro wa Arcueil ni kumbukumbu tu, na tangu 1752 ni kumbukumbu ya kitu kisichokuwapo. Ufaransa ilikuja kuwa na mtihani uliojengwa juu ya fikra hiyo. Mwaka 1816 ilianzishwa tuzo ya Roma ya uchoraji wa mandhari, iliyokuwa imepiganiwa na Pierre-Henri de Valenciennes, na mwaka uliofuata Achille-Etna Michallon akawa wa kwanza kuishinda. Hatua mojawapo ya shindano ilikuwa mti: mshindani hutajiwa aina, naye huuchora kwa kumbukumbu, bila mti wowote mbele yake. Sidharau mtihani huo. Anayeweza kukuchorea mwaloni ndani ya chumba amekuwa na mwaloni ndani yake. Ni yule mtaalamu wa nyota wa Ibn Sina, akikupa kupatwa kwa jua kwa hesabu.

Ila swali ni kumbukumbu ile ilijazwa wapi. Valenciennes yuleyule, katika kitabu chake cha perspektivu kilichotoka mwaka 1800, aliwahimiza wanafunzi watoke nje na kufanya kazi upesi, kwa saa mbili kwa wingi, na nusu saa tu jua linapochomoza au kutua, kwa sababu mwanga haungoji. Na historia ina mfano wa kinachotokea jumla ikiachwa bila kulishwa na vitu kimoja kimoja. Mwaka 1515 Albrecht Dürer alichapisha picha ya kifaru ambaye hakumwona kwa macho. Alitumia habari na mchoro wa mtu mwingine, akamvika kifaru kitu kama deraya ya askari na kumwongezea pembe ndogo mgongoni. Kwa zaidi ya karne mbili Ulaya ilijua kifaru kwa picha hiyo. Halafu mwaka 1749, mwaka ule ule wa mhadhara wa rangi, akaletwa Paris kifaru jike kutoka India aliyeitwa Clara, aliyekuwa akizungushwa Ulaya kuonyeshwa kwa malipo. Oudry alimchora kwa ukubwa wake halisi, kwenye turubai yenye upana wa zaidi ya meta 4 iliyoko sasa Schwerin; na Buffon, alipohitaji kifaru kwa ajili ya kitabu chake kikubwa cha viumbe, alitegemea picha ya Oudry. Jina la jumla, kifaru, lilisahihishwa na Clara. Buffon, ambaye majuzuu yake ya kwanza yalitoka pia mwaka huo, alifika mbali hata akasema kwamba katika maumbile kuna vitu kimoja kimoja tu, na makundi ni ya fikra zetu. Hapo simfuati. Bila maua meupe mengine, ua jeupe hili halionekani. Lakini mwelekeo wa deni ameupata sawa: jumla hukopa kwa mmoja, na mara nyingi husahau kulipa.

Sidai kwamba Oudry alijua miti yake kama inavyosemwa kuwa Mungu anajua jani. Ibn Rushd, alipomjibu Al-Ghazali, alisema mabishano yote yalianza kwa kuipima elimu ya Mungu kwa kipimo chetu: elimu yetu husababishwa na vitu, ya Mungu ndiyo inayovisababisha, kwa hiyo kuiita ya jumla au ya kimoja kimoja ni kukosea mlango. Kama ni hivyo, mchoraji yuko upande wetu kabisa. Anakaa mahali pamoja, na mgongo wa mti haumo katika karatasi yake. Hata jirani aliowapima hawakudumu. Karatasi nyingi za Arcueil zimepoteza buluu yake kwa kupigwa na mwanga, zikawa kijivu au rangi ya majani makavu. Ile rangi ya katikati, ambayo kila pigo lilitangazwa dhidi yake, imesogea, na chaki nyeupe imebaki ikipima umbali wake kutoka kwa kitu kilichoondoka. Hoja yangu inanidai nikiri kwamba tunachokiona leo si mti ule ule sawasawa na alioupima. Na kuna jambo jingine kwenye baadhi ya karatasi hizo. Njia zilizokuwa tupu zina watu, wadogo, wamevaa vizuri, wanatembea au wamekaa, ambao wataalamu wanaona walitiwa baadaye na mkono mwingine. Mtu fulani aliitazama bustani ya miti mitupu akaona imepungukiwa. Ukitaka kujua yupi ni wa Oudry na yupi mgeni, njia ni ile ya mhadhara: mchukue bibi mmoja mwenye gauni, mtazame pamoja na shina lililo karibu yake, uone weusi wa chaki upi umezidi.